Insafu kwa Sauti Dhaifu

Kwa miaka mingi ya ujana wangu rizki yangu ilitoka katika kazi ya kubana sauti za watu. Nilikuwa fundi wa mitambo ya simu Dar es Salaam, katika zama ambazo pwani yetu ilikuwa bado haijaunganishwa na dunia kwa mkongo wa nyuzi za kioo, na neno lililotoka ofisi ya mjini kwenda tawi la bara, kama tawi hilo lilikuwa mbali na njia za simu za kutegemewa, lilipaswa kwanza kupanda mbinguni hadi kwenye setilaiti iliyosimama kiasi cha kilomita 36,000 juu ya Ikweta, ndipo lishuke lilikokusudiwa. Njia hiyo ilikuwa ghali na nyembamba, nayo ilikodiwa kwa kilobiti. Basi aliyejua kupitisha mazungumzo matatu mahali ambapo mwenzake alipitisha moja alihesabiwa miongoni mwa mafundi. Kazi hiyo niliipenda, na hata leo naiona kuwa ni kazi ya heshima, maadam mwenye kuifanya anajua ni kitu gani anachokipunguza.

Ubanaji wa maneno si jambo geni katika pwani hii. Waya wa baharini wa kampuni ya Eastern and South African Telegraph ulifika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, na tangu siku hizo aliyepeleka simu ya maandishi alilipa kwa hesabu ya maneno, akaondoa salamu, akaondoa viunganishi, akabakisha habari tupu. Fundi mkuu aliyenifundisha kazi, mzee wa Pangani aliyeanza utumishi wake katika Posta na Simu ya Afrika Mashariki kabla shirika hilo halijavunjika mwaka 1977, alipenda kunikumbusha tofauti moja baina ya ubanaji ule na huu wetu. Alisema, "Mwanangu, mwenye simu ya maandishi alikata maneno yake kwa mkono wake, akijua anakata lipi na anabakisha lipi. Wewe unamkatia mtu maneno yake, naye hana habari." Wakati huo niliyachukua maneno hayo kuwa nasaha za kawaida ambazo wazee huwapa vijana, lakini baadaye niliona kuwa yalikuwa ndiyo elimu yenyewe, na kwamba vitabu vyote vya kiwandani nilivyovisoma vilikuwa ni ufafanuzi wake.

Ili msomaji afahamu nisemalo, yafaa nieleze kwa ufupi jinsi sauti inavyogeuzwa kuwa hesabu. Simu tangu zamani haikuchukua sauti yote ya mwanadamu. Ilichukua masafa yaliyo baina ya hezi 300 na 3,400 tu, na yaliyo juu ya hapo, ambamo konsonanti kama s na f zina sehemu kubwa ya nguvu yake, yaliachwa. Mhandisi Mwingereza Alec Reeves, akifanya kazi Paris, alibuni mwaka 1937 njia ya kuipima sauti mara nyingi kwa sekunde na kuandika kila kipimo kwa tarakimu. Na njia hiyo, ilipokuja kuwekewa sharia ya kimataifa mwaka 1972 kwa jina la G.711, ilikuwa ni kupima mara 8,000 kwa sekunde na kuandika kila kipimo kwa biti 8, yaani biti 64,000 kwa kila sekunde ya maneno. Biti 8 hutoa hatua 256. Sasa, sauti ya mwanadamu haina ulinganifu: irabu hupaa, ilhali konsonanti nyingi ni pumzi nyembamba zipitazo baina ya meno na midomo. Hatua hizo zikigawanywa sawasawa, sauti kubwa hupata tele isizozihitaji, na sauti ndogo hubaki na chache za kukwaruza. Kwa hiyo waliotunga kanuni hiyo walizipanga hatua zikawa karibu karibu pale sauti iwapo ndogo, na mbali mbali pale iwapo kubwa. Mimi sijapata kuona katika ufundi wote wa simu jambo lililonipendeza kuliko hilo. Kwani ni insafu iliyoandikwa kwa hesabu, kwamba asemaye kwa unyonge apimwe kwa uangalifu zaidi kuliko apigaye kelele.

Kanuni hiyo ina matawi mawili, moja likitumika Marekani ya Kaskazini na Japani, na jingine Ulaya, kwetu na sehemu nyingi za dunia, nayo hayaelewani. Baadhi ya mitambo ilitufikia ikiwa imepangwa kwa tawi la Marekani, na asiyekumbuka kuigeuza alisikia sauti zenye mikwaruzo, kama kwamba msemaji amekauka sauti. Na jambo hilo lilikuwa la kwanza kukaguliwa kila sanduku lilipofunguliwa.

Lakini biti 64,000 zilikuwa israfu tusiyoiweza. Tulitumia kanuni ya G.729, iliyopitishwa katikati ya miaka ya 1990, ambayo huchukua 8,000 tu, na siri ya ubanaji wake ni ajabu. Haipeleki sauti. Huchukua kipande cha sehemu moja ya mia ya sekunde, ikatazama koo, kinywa na pumzi za msemaji zimekaaje katika kipande hicho, ikayaeleza hayo kwa biti 80, na mtambo wa upande wa pili hujenga sauti upya kwa maelezo hayo. Anachokisikia mwenye mkonga wa simu kule aliko ni sauti ya mtambo ukimwiga ndugu yake kwa uhodari mkubwa. Ndiyo sababu muziki ukipita humo hutoka umevurugika, kwa maana zumari halina koo la mtu. Ndiyo sababu nukushi haifiki, na milio ya vitufe vya simu hupotoka mpaka benki ikadhani umebonyeza namba nyingine. Hayo tuliyaponya kwa kuyatengea njia yake, nukushi peke yake na milio peke yake.

Hesabu yenyewe ilitaka hadhari. Vipande viwili vya G.729 vikitiwa katika pakiti moja huwa baiti 20, lakini pakiti hiyo ili ijue iendako hubebeshwa anwani na taarifa za baiti 40, yaani mzigo mara mbili ya kilichomo ndani. Pakiti 50 za namna hiyo kila sekunde ni kilobiti 24, si 8 kama tangazo la kiwanda lisemavyo. Njia yetu ya Kigoma, kwenye ghala la shirika tulilolihudumia, ilikuwa kilobiti 128, nayo ilichukua sauti pamoja na hesabu za ghala hilo. Palikuwa na njia ya kubana anwani zenyewe mpaka zikawa baiti 2 au 4. Lakini katika safari ndefu ya setilaiti, pakiti moja ikipotea, upande wa pili hupoteza mfuatano na kulazimika kuomba anwani kamili, na mpaka ombi lipande na jibu lishuke, maneno kadhaa yamekwisha kupotea. Tuliijaribu njia hiyo, kisha tukaiacha.

Safari ya setilaiti huchukua takriban robo sekunde kwa upande mmoja, na ukijumlisha kazi ya kubana na kungojea pakiti zilizochelewa, huzidi hapo, wakati ushauri wa kimataifa ni kwamba mazungumzo mazuri hayataki zaidi ya milisekunde 150. Vitabu husema kwamba uchelewaji huo huwafanya wasemaji wagongane. Havisemi unavyoziharibu salamu zetu, ambazo hutaka jibu lipokewe kabla pumzi ya muulizaji haijakwisha. Kijana husema "Shikamoo", akangoja, marahaba haiji, akadhani hakusikika, akarudia, na hapo marahaba ya kwanza humkuta katikati ya shikamoo ya pili, na mzee wa upande wa pili huona kwamba amekatizwa. Nimewasikia watu wakiondoka kwenye simu na kinyongo ambacho hakikutokana na neno lolote lililosemwa. Matokeo yake, watu walijifunza kufupisha: waliruka salamu, waliacha maswali ya kuhakikisha, wakasema neno moja na kuweka mkonga chini.

Yote hayo nimeyaeleza ili nifike kwenye kipimo cha kimya.

Katika mazungumzo kila mtu hunyamaza karibu nusu ya muda, akimsikiliza mwenzake, na kukipeleka kimya kwa njia ya fedha huonekana kuwa ni upotevu. Kwa hiyo kanuni ile ya G.729 ilipata nyongeza: mtambo hutazama kila kipande cha sehemu ya mia ya sekunde na kuhukumu kama ni usemi au ni kimya. Ukihukumu kuwa ni kimya, haupeleki kitu, ila huuambia upande wa pili utie mvumo mdogo wa bandia ili msikilizaji asidhani laini imekatika. Mtu anapoanza tena kusema, mtambo hufungua mlango. Kila kitu kinategemea wepesi wa kuufungua, na wepesi huo unategemea kizingiti: sauti ikiwa chini ya kiasi fulani, si sauti. Hapa ile insafu ya hatua 256 hugeuzwa juu chini, na msemaji mnyonge, badala ya kupimwa kwa uangalifu zaidi, huambiwa kwamba hakusema.

Ghala lile la Kigoma lilikuwa la mbegu, na kutoka hapo magunia yalipelekwa kusini kwa meli ya Ziwa Tanganyika. Karani wa ghala alikuwa mtu mzima, mpole wa kauli, na jirani zake walimwamini kiasi cha kumwekea amana zao. Siku moja mkuu wa Dar es Salaam alimwuliza kwa simu kama mzigo wa Kasanga utapakiwa kesho yake. Karani alifikiri kidogo, kama afanyavyo mtu mwenye adabu ambaye jibu lake si la kumpendeza mkubwa, kisha akasema, "Hatutapakia kesho, mkubwa." Mkuu akajibu, "Vyema." Karani aliridhika kwamba ameruhusiwa, mkuu akawaarifu watu wa Kasanga watafute lori na wachukuzi. Meli ilifika bila hata gunia moja, na baada ya siku chache ilipelekwa barua ya kumwonya karani kwa kusema uongo.

Nilitumwa Kigoma kwa Reli ya Kati kwa sababu nyingine, ya ungo wa setilaiti uliosogezwa na upepo, lakini karani alinisubiri mlangoni mwa ghala na barua ile mkononi. Nilimwamkia, akanijibu, akanikaribisha kiti, akaninyoshea barua niisome.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimekula chumvi nyingi, na sijapata kuitwa mwongo. Nilisema hatutapakia. Waulize walinzi, walikuwapo. Nataka unieleze mtambo wako ulimwambia nini mkubwa."

Swali hilo halikuwa la kujibiwa kwa maneno. Nilimpigia mwenzangu wa Dar es Salaam nikamwomba akae na kalamu na kuandika kila atakachokisikia, bila kukisia. Nami nikamwandikia karani orodha ya sentensi azisome kwa sauti yake ya kila siku, akipumzika baina ya moja na nyingine. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mabati, jambo ambalo sikulipanga lakini lilinifaa, kwa sababu mshindo wa mvua huuchanganya mtambo katika kukisia ni kiasi gani cha sauti kihesabiwe kuwa kimya. Karani alisoma "Hatutapakia"; kule ikaandikwa "Tutapakia". Alisoma "Hawatalipwa", ikaandikwa "Watalipwa". "Hazitatosha" ikawa "Zitatosha". Si kila mara, na hilo ndilo lililoifanya hatari iwe kubwa, kwani kifaa kinachoharibu daima hutengenezwa upesi. Nilipouzima ule mpango wa kukata kimya, tukarudia orodha yote, mvua ikiwa ni ile ile na msomaji yule yule, kila kanusho lilifika.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni, nilikaa na orodha hiyo nikaitafakari, na nilichokigundua nakihesabu kuwa ni katika maarifa ya thamani niliyoyapata katika kazi yangu. Lugha yetu huweka kukanusha mwanzoni kabisa mwa kitenzi, na mkazo wake huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho; kwa hiyo kanusho hukaa mbali na mkazo, katika silabi iliyo dhaifu, na silabi hiyo aghalabu yaanza kwa h, ambayo ni pumzi tu. Fauka ya hayo, mtu anayekataa aghalabu hutulia kwanza, na utulivu huo huufunga mlango wa mtambo sawasawa na wakati unapotakiwa kuwa wazi. Katika nyakati nyingine lugha ina akiba ya kujilinda. Aliyesema "hatupakii" akikatwa kichwa cha neno hubakiwa na irabu ya mwisho inayomshuhudia. "Hatukupakia" ina ku yake. "Hatujapakia" ina ja. Lakini katika wakati ujao hakuna shahidi mwingine: ukiiondoa ha, kilichobaki ni ahadi kamili, fasihi, isiyo na kasoro ya sarufi ya kumshtua msikilizaji. Nayo biashara ya simu, karibu yote, ni habari ya kesho.

Waliokipanga kizingiti hicho kiwandani siwalaumu. Walimpima msemaji waliyemjua, na karani wa Kigoma hawakumjua. Aliyemjua, au aliyepaswa kumjua, ni fundi wa mahali. Na kwa hiyo siamini kwamba mpangilio uliokuja na sanduku waweza kuachwa kama ulivyo kwa hoja kwamba mabingwa wameuchagua. Bingwa wa ubanaji wa sauti anajua koo la mwanadamu kwa jumla. Mtu wa Dar es Salaam anayetia mtambo Kigoma anapaswa kujua jinsi watu wa Kigoma wanavyokataa.

Kurudi kwangu mjini kulianzisha mashauri. Wenye hesabu za ghala walihofu kwamba kimya kikianza kupelekwa, kazi zao za jioni zitakwama, na hofu yao ilikuwa ya haki: mazungumzo matatu kwa wakati mmoja, bila kukata kimya, yalichukua kilobiti 72 katika 128. Tungeweza kutia vipande vinne katika kila pakiti na kushusha kila mazungumzo kufikia kilobiti 16, lakini pakiti moja ikipotea ingepotea na milisekunde 40 za usemi, ambazo kwa msemaji mwepesi ni sehemu isiyo ndogo ya silabi. Tungekuwa tumeitoa ha kwenye mdomo wa mtambo mmoja na kuitia kwenye mdomo wa mwingine. Tulisimama kwenye vipande vitatu, vinavyohitaji kilobiti kama 19. Kisha tukaagiza sauti itangulie mbele ya data katika foleni, na pakiti kubwa za data zikatwe vipande, kwa sababu pakiti ya baiti 1,500 huchukua karibu milisekunde 94 kutoka katika njia ya kilobiti 128, na muda wote huo sauti husimama nyuma yake ikingoja. Fundi mkuu alisoma mpango huo mstari kwa mstari, akauliza swali moja tu, kama karani amekwisha kuandikiwa barua ya kumsafisha. Nilimwambia bado. Akakataa kutia sahihi mpaka ilipoandikwa, na nakala yake ikatiwa katika faili la mitambo pamoja na hesabu zangu, mahali ambapo wengine waliona haipaswi kuwa, na mimi naona ndipo ilipostahili.

Mikongo ya baharini ilikuja baadaye. SEACOM ilifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na mahali pengi palipofikiwa na upana huo mafundi walirudi kwenye G.711 wakaiacha sauti ipite na kimya chake. Ikadhaniwa kwamba habari ya kubana imekwisha. Haikwisha, ila ilihama ikaingia mifukoni mwetu. Simu ya mkononi hubana sauti kwa kilobiti baina ya 4.75 na 12.2 kwa kanuni ya AMR, na pale mtandao unapolemewa hushuka kuelekea kiwango cha chini. Nayo hukata kimya pia, ili kuhifadhi betri na kupunguza kuingiliana kwa mawimbi. Anayepiga kutoka ofisi inayobana kwenda simu ya mkononi inayobana huigwa na mtambo, kisha mtambo wa pili humwiga mwigaji, na maelezo ya koo lake yakafanyiwa maelezo mengine. Simu mpya zenye sauti pana, zinazofika hadi hezi 7,000, zimeturudishia s na f zilizopotea tangu enzi za waya, nami nafurahi kuzisikia. Lakini mazungumzo yakivuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine usiokuwa na upana huo, hurudi katika masafa yale ya kale, na mlango wa kimya bado upo.

Kwa hiyo vijana wanaokuja kwangu kujifunza nawapa orodha ya Kigoma kabla sijawapa kitabu. Nimeiongezea sentensi za nafsi ya kwanza umoja, kama "Sitaleta" na "Sitakuja", kwa sababu wengi siku hizi husema "takuja" wakikusudia "nitakuja", na mtambo ukimeza si ya mkataaji, humwachia neno lile lile la mwenye kuahidi. Nawaambia waisome wawili wawili, kila mmoja katika mtandao wake, wakizungumza kwa upole na kutulia kabla ya kila jibu, na msikilizaji aandike bila kukisia. Na ikiwezekana, waisome wakati wa mvua, chini ya mabati.